SOAP na REST kwenye mtandao unaokatika: uzi wa mafundi wa Lamu na Malindi

#1 MkomaniKodi (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam aleikum.

Swali halikauki humu: nijenge huduma yangu kwa SOAP ama kwa REST, yaani njia mbili za programu kuzungumza kwa mtandao? Mimi naona ubishi huo umetupotezea muda mwingi. Sisi tunaojengea nyumba za wageni, maboti na maduka ya huku kwetu tunaumizwa zaidi na jambo jingine. Ombi limetoka kwenye simu, limefika kwenye seva, seva imefanya kazi yake, halafu jibu likapotea njiani. Aliyetuma haoni kitu. Anabonyeza tena. Mgeni mmoja anawekewa vyumba viwili, au analipishwa mara mbili, au mwenye nyumba Shela anaambiwa amejaza wakati vyumba vi vitupu.

Programu nyingi ninazoletewa kukagua huandika "imeshindikana" muda wa kusubiri ukiisha. Hilo si kweli. Ukipeleka barua kwa jahazi na jahazi halijarudi, huwezi kusema barua haikufika. Unachoweza kusema ni kwamba majibu hujayapata. Programu inatakiwa kujua hali tatu: imekubaliwa, imekataliwa, haijulikani. Hiyo ya tatu ndiyo inayoachwa nje ya michoro yetu, na ndiyo inayomkuta mtu aliye kwenye boti kati ya Mokowe na Lamu mjini.

Kwa wanaoanza, maneno machache. SOAP ilianza kuundwa Microsoft mwaka 1998. Toleo la 1.1 lilichapishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Mei 2000, na la 1.2 likapitishwa rasmi Juni 2003. Ni itifaki, yaani kanuni kamili za mawasiliano: bahasha ya XML (maandishi yenye lebo) yenye kichwa na mwili, na kwa kawaida huja na mkataba wa WSDL unaotaja kila kinachoweza kuombwa na aina ya kila data. REST ilielezwa na Roy Fielding katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha California, Irvine, mwaka huohuo wa 2000. Hiyo si itifaki, ni mtindo wa kujenga: kila kitu kina anwani yake, na vitenzi vya HTTP, itifaki ya wavuti, kama GET (soma), POST (ongeza), PUT (weka) na DELETE (futa) vinatumika kwa maana yake. Kwa hivyo hizi ni rika moja. Asikudanganye mtu kwamba moja ni mzee na nyingine ni mtoto.

Leteni matatizo yenu pamoja na logi, yaani kumbukumbu za seva. Ila futeni tokeni (funguo za kuingilia), nywila na namba za pasipoti za wageni kabla ya kubandika.

#2 BintiCasuarina

Waaleikum salaam. Umefungua uzi wakati mwafaka.

Natunza mfumo wa nyumba za wageni hapa Malindi. Mawakala wengi wako Italia, na wengine wako papa hapa wakitembea na simu. Huduma yetu ni ya REST. Nafasi ya chumba inawekwa kwa POST kwenda `/nafasi`. Tatizo ni nafasi pacha: jina lile, tarehe zile, chumba kingine, zimepishana sekunde chache tu. Tulizima kitufe kisibonyezeke mara mbili, bado zinatokea. Kwenye logi za nginx, programu ya seva inayopokea maombi mbele ya mfumo wetu, naona 499, na kwenye orodha ya misimbo ya HTTP 499 haipo. Ni nini hii?

#3 MkomaniKodi

Dada, 499 ni ya nginx yenyewe, haimo katika kanuni za HTTP. Maana yake ni kwamba aliyeomba alikata mawasiliano kabla hajajibiwa. Hapo nginx ameshika mkono mkosaji wako: simu iliondoka, lakini programu iliyo nyuma ya nginx mara nyingi huendelea na kazi hadi mwisho. Chumba kimewekwa, jibu halina wa kulipokea.

Kuzima kitufe hakutoshi. Mtu anafunga programu na kuifungua upya. Maktaba ya mtandao iliyo ndani ya simu nayo yaweza kurudia ombi bila kumwuliza mtu. Na huwezi kumkataza wakala kujaribu tena. Anafanya kazi yake. Kinachotakiwa ni kurudia kusiwe na madhara.

GET, PUT na DELETE, kwa maana ya HTTP, ukizirudia hali ya mwisho haibadiliki. POST haina ahadi hiyo. Kwa hivyo unaipa ahadi mwenyewe:

Simu inatunga kitambulisho cha pekee, UUID, kabla ya kutuma mara ya kwanza, na kukihifadhi kwenye simu. Kila jaribio la nafasi ileile linakwenda na kitambulisho kilekile, wengi hukiweka katika kichwa cha `Idempotency-Key`. Seva inakiandika kwenye hifadhidata, kwenye safu yenye sharti la upekee, ndani ya muamala mmoja na nafasi yenyewe. Nasisitiza muamala mmoja. Ukiandika kitambulisho kwanza na nafasi baadaye, umeme ukikatika katikati umebaki na kitambulisho kisicho na chumba, na wakala atajibiwa "tayari" milele.

Kitambulisho kikirudi mara ya pili, seva haiweki chumba kingine. Inarudisha jibu lile la kwanza. Kikirudi ombi la kwanza likiwa bado linashughulikiwa, jibu 409 (mgongano). Kikirudi na mwili tofauti, tarehe nyingine au mgeni mwingine, jibu 422 (ombi halishughulikiki), kwa sababu programu ya simu ina kasoro na lazima ijulikane.

Simu nayo isirudie kwa fujo. Isubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na kila mara iongeze kiasi kidogo cha bahati nasibu. Bila hiyo bahati nasibu, mnara ukirudi hewani simu zote zinagonga seva kwa sekunde moja.

Halafu usichanganye mambo mawili. Kitambulisho kinazuia mgeni *mmoja* kuwekwa mara mbili. Hakizuii wageni *wawili* kupewa chumba kimoja. Hilo lizuie kwenye hifadhidata, usilitegemee kwenye "nimeangalia kwanza kama kipo". Kwa PostgreSQL, washa kiendelezi cha btree_gist kisha:

```
EXCLUDE USING gist (chumba WITH =, muda WITH &&)
```

Safu ya `muda` iwe ya aina ya daterange, siku ya kuingia ihesabiwe na siku ya kutoka isihesabiwe, ili mgeni anayeondoka asubuhi asimzuie anayeingia jioni. Wakati wa Maulidi, Lamu nzima inapotafutiwa vyumba, sharti hili la mstari mmoja lina faida kuliko kurasa za msimbo.

#4 NgomeniDev

Maelezo mazuri, lakini mimi nasema wazi: SOAP izikwe. XML ndefu, bando linaisha, msimbo unazalishwa na mashine hata mwenyewe huuelewi. Kijana wa leo umfundishe WSDL ya nini?

#5 MkomaniKodi

Ndugu yangu, kwenye simu ya mkononi nakubaliana nawe kabisa. Mimi pia sipeleki SOAP kwenye simu ya nahodha.

Lakini biashara ya Malindi haiishii Malindi. Mifumo mikubwa ya hoteli na mawakala wa safari imejengwa juu ya ujumbe wa XML wa OpenTravel, muungano wa viwango vya sekta ya safari: `OTA_HotelAvailRQ` kuuliza nafasi, `OTA_HotelResNotifRQ` kuarifu kwamba chumba kimechukuliwa. Mara nyingi husafirishwa ndani ya bahasha ya SOAP. Mwenye nyumba anayetaka wageni wa huko hatamwambia wakala wa Milano abadilishe mfumo kwa ajili yake. Atakuja kwako, na wewe utasoma WSDL.

Na kuna mambo SOAP inayafanya vizuri. WS-Security, nyongeza ya usalama ya SOAP iliyopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2004, inatia saini ujumbe wenyewe. TLS, ulinzi ulio nyuma ya HTTPS, inalinda njia kati ya kituo na kituo. Ujumbe ukipita kwa wapatanishi, kila mmoja anaufungua. Saini iliyo ndani ya ujumbe inasafiri nao hadi mwisho. Fedha na bima bado wanalithamini hilo, na wana haki.

Ninavyojenga mimi: kiini kimoja cha kazi (kuweka, kufuta, kuuliza), na milango miwili juu yake, wa SOAP kwa mawakala na wa REST kwa simu. Kanuni za vyumba zinakaa kwenye kiini peke yake. Na lile la kurudia linahusu mlango wa SOAP vilevile: wakala akituma upya, tafuta `UniqueID` ya nafasi au `MessageID` ya WS-Addressing (nyongeza ya SOAP ya anwani za ujumbe) na uitumie kama kitambulisho. Kwanza mwulize wakala kama akirudia anatunga `MessageID` mpya. Wengine hutunga, na hapo haikufai kitu.

#6 KijanaMpeketoni

Shikamooni wakubwa. Niko mafunzoni, nimepewa kazi ya kuunganisha mfumo wetu na wa wakala kwa SOAP. Kwanza nilipata 415 (aina ya ujumbe haikubaliki). Nikarekebisha kichwa cha ujumbe, sasa napata 500 (kosa la seva). Kwenye mwili wa jibu kuna kosa la usalama linalosema muhuri wa saa haukubaliki. Wakala anasema seva yao haina tatizo. Nywila nimehakikisha ni sahihi. Naombeni mwongozo.

#7 MkomaniKodi

Marahaba, kijana. Umefanya jambo zuri kusoma mwili wa jibu. Wengi wakiona 500 wanaandika barua pepe "seva yenu imeanguka" na kwenda kulala. Katika SOAP 1.1 kosa lolote, hata la mtumaji, hurudi kwa 500. Maelezo yako ndani ya `Fault`. Na kinyume chake kipo: huduma zinazojiita REST zinazorudisha 200 huku ndani zimeandika kosa. Soma mwili daima.

415 yako ya kwanza ilikuwa ya toleo. SOAP 1.1 hutumwa kama `text/xml`, na kichwa cha `SOAPAction` pembeni. SOAP 1.2 hutumwa kama `application/soap+xml`, na kitendo kinaingia humohumo kwenye Content-Type. Bahasha zao pia zina majina tofauti: ya 1.1 ni `http://schemas.xmlsoap.org/soap/envelope/`, ya 1.2 ni `http://www.w3.org/2003/05/soap-envelope`. Ukichanganya kichwa cha moja na bahasha ya nyingine, utakutana na `VersionMismatch`.

Sasa muhuri wa saa. Bandika mstari wa `Created` peke yake, bila nywila.

#8 KijanaMpeketoni

Nilituma saa tano na dakika ishirini asubuhi, mstari ni huu:

```
<wsu:Created>2024-03-12T11:20:00Z</wsu:Created>
```

#9 MkomaniKodi

Hapo hapo. Herufi Z mwishoni inasema saa hiyo ni ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hivyo saa tano na dakika ishirini asubuhi yetu ni `08:20:00Z`. Umemwambia wakala kwamba ujumbe umeandikwa saa tatu zijazo, naye amekataa, na alipaswa kukataa: muhuri huo upo ili mtu aliyenasa ujumbe wako asiurudie kesho. Kwa mfano Apache WSS4J, maktaba ya Java ya WS-Security, kwa mipangilio yake ya awali, huukubali ujumbe kwa sekunde 300 tangu kuandikwa, na huvumilia sekunde 60 tu za mbele.

Usitoe tatu kwa mkono kwenye msimbo. Chukua saa ya UTC moja kwa moja kutoka kwenye lugha unayotumia, na uiache seva isahihishe saa yake kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa mtandaoni. Kompyuta iliyokaa bila umeme au betri yake ndogo ikiwa imekufa hurudi na saa ya ajabu, na kosa lake hufanana kabisa na hili lako.

Baada ya hapo, ukipata kosa la "Content is not allowed in prolog", tazama kama kuna nafasi au alama isiyoonekana kabla ya `<?xml`. Lilinganishe ombi lako na lile linalotoka SoapUI, programu ya kujaribia SOAP, kwa WSDL ileile, herufi kwa herufi. Tofauti ndiyo jibu.

#10 MlinziWaGede

Nimesoma kimya, sasa niseme upande wa ulinzi, maana hapa naona watu wanaridhika na "tuna HTTPS".

La kwanza na la hatari kuliko yote halihitaji ujuzi wowote. Wakala ameingia kihalali, anafungua `/nafasi/4410`, anabadilisha namba kuwa 4411, na anasoma jina, simu na pasipoti ya mgeni wa nyumba nyingine. OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, wameliweka namba moja kwenye orodha yao ya hatari za API (milango ya programu kwa programu) mwaka 2019, na wakalibakiza palepale mwaka 2023. Tokeni inathibitisha *wewe ni nani*. Haisemi *rekodi hii ni yako*. Kila swali kwenye hifadhidata libebe mwenye mali:

```
SELECT ... WHERE id = ? AND nyumba_id = ?
```

na `nyumba_id` itoke kwenye tokeni iliyothibitishwa, kamwe isitoke kwenye ombi. Kutumia UUID badala ya namba za mfululizo kunapunguza kubahatisha, lakini si ulinzi. Anwani huvuja kwenye picha za skrini na kwenye vikundi vya WhatsApp.

Kwa JWT, aina ya tokeni yenye saini: taja mwenyewe algorithimu unayoikubali, usisome ile iliyoandikwa kwenye tokeni, maana mtu anaweza kuandika `none`. Kagua `exp` (mwisho wa muda), `iss` (aliyeitoa) na `aud` (aliyelengwa). Na jueni yaliyomo ndani ya JWT ya kawaida hayajafichwa. Ni base64url tu, yeyote anayasoma. Pasipoti haina kazi mle. Tokeni isipite kwenye anwani, kwa sababu anwani hubaki kwenye logi.

Kwa SOAP: zima DTD, yaani maelezo ya muundo yanayowekwa juu ya XML, kwenye kichanganuzi chako cha XML. Adui huandika humo kipengele cha nje kinachoelekeza kwenye `file:///etc/passwd`, na seva yako inamsomea faili. Au hupachika vipengele ndani ya vipengele hadi kumbukumbu ya seva inajaa. Kanuni za SOAP 1.1 zinakataza kabisa DTD ndani ya ujumbe, kwa hivyo ukiizima huvunji kitu cha mtu yeyote. Na ukipokea ujumbe wenye saini, hakikisha sehemu uliyoithibitisha saini ndiyo ileile unayoitekeleza. Kuna shambulio la kuuhamisha mwili halali pembeni na kuweka mwili wa uongo mahali pake. Saini inapita, na kinachotekelezwa ni cha mwizi.

Mkumbuke pia sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye nayo, anayeisimamia ana saa 72 tangu alipojua kumwarifu Kamishna wa Data. Kama huna logi za nani alisoma nini, hizo saa 72 utazimaliza ukikisia.

#11 NgomeniDev

Hili la Mlinzi ni zito. Nimekwenda kuangalia msimbo wetu wa malipo. Je, jibu la M-Pesa linaloletwa na Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, kwenye anwani yetu nalo tulishuku?

#12 MlinziWaGede

Shuku kila kinachoingia kwenye anwani iliyo wazi kwa dunia, haijalishi kinasema kimetoka wapi. Aliyeijua anwani yako ya kupokelea anaweza kutunga ujumbe wa JSON wenye `ResultCode` 0 (imefaulu) na kuutuma.

Ulipoanzisha malipo ulirudishiwa `CheckoutRequestID`. Ihifadhi. Jibu likija, itafute; kama huna, usitekeleze. Linganisha kiasi na deni. Kisha uliza wewe mwenyewe hali ya muamala kwa huduma ya kuulizia kabla ya kutoa kitu cha thamani. Weka sharti la upekee kwenye namba ya risiti, jibu likija mara mbili lisihesabiwe mara mbili. Na jibu lisipokuja, usiandike "hajalipa". 1032 maana yake mteja alikataa, 1037 simu yake haikufikiwa. Ukimya si mojawapo ya hayo. Ni ile hali ya tatu ya mleta uzi.

#13 BintiCasuarina

Nina jingine. Huduma yetu inafunguka vizuri kwenye Chrome, lakini mfumo wa wakala wa Java unakataa: "PKIX path building failed". Mwenzangu anapendekeza wakala azime ukaguzi wa cheti.

#14 MkomaniKodi

Asizime. Ukaguzi ukizimwa, yeyote aliye kati yenu anaweza kujifanya nyinyi, na hakuna atakayekuja kuuwasha tena.

Karibu kila mara seva inatuma cheti chake peke yake bila cheti cha kati kinachokiunganisha na mzizi unaoaminika. Kivinjari hujitafutia kilichokosekana, Java haifanyi hivyo. Angalia:

```
openssl s_client -connect anwani:443 -servername anwani -showcerts
```

Ukiona cheti kimoja tu, ndiyo sababu. Kama mnatumia Let's Encrypt, elekeza nginx kwenye `fullchain.pem` badala ya `cert.pem`.

Wakala mwingine akikatika kwenye salamu ya TLS bila maelezo, uliza anatumia Java gani. Java 7 kwa kawaida yake huanza na TLS 1.0, ambayo IETF, shirika la viwango vya intaneti, iliifuta pamoja na 1.1 Machi 2021. Huyo aboreshe upande wake. Usirudi nyuma kumfuata.

#15 KijanaMpeketoni

Imekubali! Saa ilikuwa ndiyo. Sasa napata `Fault` nyingine ya tarehe ya kutoka kutangulia ya kuingia, lakini hiyo ni ya data, nimeiona mwenyewe. Shukrani sana.

#16 BintiCasuarina

`fullchain.pem` imetatua, wakala wa Java ameingia.

Ya nafasi pacha nimeipima hivi: kwenye seva ya majaribio nimeweka kusubiri sekunde 20 baada ya muamala kukamilika na kabla ya jibu, nikatuma kutoka kwenye simu, nikawasha hali ya ndege, nikaizima, nikabonyeza tena. Kwenye logi 499 kisha 201 (imeundwa), kwenye hifadhidata safu moja, na namba ya nafasi iliyorudi ndiyo ileile ya kwanza. Vitambulisho nivihifadhi kwa muda gani kabla ya kuvifuta?

#17 MkomaniKodi

Zaidi ya muda mrefu kabisa ambao simu inaweza kukaa na ombi lisilojibiwa halafu ikalituma tena. Kwa mawakala wa mjini siku moja inatosha. Kama una manahodha wanaopeleka wageni kisiwa cha mbali cha Kiwayu, weka siku saba, na uiambie simu isitume tena ombi lililozidi siku sita bila kwanza kuuliza kwa GET kama nafasi ile ipo.